PUNDA WA KUPANDA ACHECHEMEAPO KIDOGO MGUU WA NYUMA

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili yako wewe mwenye punda katika Makorora, Ngamiani, Mabawa na vijiji vilivyo kandokando ya mji wa Tanga, mwenye mnyama mmoja au wawili wa kupanda, wa kuchukua mizigo au wa kuvuta gari. Yahusu jambo moja tu, nalo ni kasoro ya mguu wa nyuma iliyo ndogo hata mwenye mnyama haioni, au aiona akadhani ni uvivu. Punda aliyevunjika mguu hujulikana na kila mtu. Lakini punda aburutaye ncha ya ukwato asubuhi, kisha akaenda vizuri saa moja baadaye, huyo hupigwa fimbo, kumbe ni mgonjwa. Maneno haya yawafaa wenye farasi pia, kwa kuwa mguu wa farasi na mguu wa punda umeumbwa namna moja.

KWA NINI TWASEMA HABARI ZA PUNDA

Zamani farasi waliletwa pwani hii mara nyingi, walakini wengi hawakukaa. Mbung'o huwatia nagana, na usubi huwatia tauni ya farasi, ambayo huua upesi. Katika vita ya mwaka 1916, maelfu ya farasi wa majeshi ya Uingereza walikufa katika nchi hii kwa maradhi, wala si kwa risasi. Punda ana nguvu zaidi juu ya tauni ile ya farasi. Kwa hiyo tangu karne ya 19 wakubwa wa Unguja na wa pwani walipenda kupanda punda mweupe wa Maskati, mrefu, mwenye mwendo mwororo, na watu wa kawaida walitumia punda mdogo wa nchi.

Mbung'o nao wapigwa vita. Taasisi ya utafiti wa mbung'o ya hapa Tanga ilifuga wadudu hao kwa wingi, madume yao yakaondolewa uzazi kwa mionzi, yakapelekwa Unguja na kuachwa huko tangu mwaka 1994 hata 1997, mpaka mbung'o wakaisha katika kisiwa kile. Lakini huku bara wangali wako porini, na jambo hili tutalirudia hapa chini, maana nagana nayo hudhoofisha miguu ya nyuma.

Sasa fikiri thamani ya mnyama wako. Punda jike huchukua mimba miezi 12 hivi, na mtoto hafai kupandwa wala kutwishwa mzigo kabla ya kutimiza miaka 3 au 4. Basi mwenye kumpoteza punda mmoja hawezi kumlipa kwa mwingine aliyezaliwa nyumbani mpaka ipite miaka 4 au 5. Tena wako watu wanunuao punda wachechemeao kwa bei ndogo ili wawachinje kwa ajili ya ngozi, ambayo huchemshwa huko Uchina kuwa dawa. Februari mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kukataza uchinjaji wa namna hiyo, kwa kuwa waliona punda wa Afrika wapungua. Mnyama ambaye angalipona kwa kazi nyepesi ya miezi miwili asiuzwe kwa bei ya ngozi yake.

PUNDA HUFICHA MAUMIVU

Tabia ya punda ni kuvumilia. Farasi aumiapo hutupa kichwa na kutoka jasho. Punda husimama kimya tu, masikio yamelala, akila majani polepole. Ndiyo sababu watu husema ni mkaidi. Ukimwona punda ambaye zamani aliitika upesi, na sasa akataa kushuka mteremko, au akataa kugeuka upande mmoja, au apiga mateke fundi anapomwinua mguu wa nyuma, usichukue fimbo kwanza. Twasema fadhila ya punda ni mateke, lakini mara nyingi teke ni neno lake pekee la kukuambia kuwa aumwa.

VIUNGO VYA MGUU WA NYUMA

Yafaa tuelewane kwanza juu ya majina, maana watu wengi hukosea. Kile kiungo kilichochongoka nyuma, katikati ya mguu, ambacho wengi hukiita goti, si goti. Ni kisigino cha mnyama. Goti lake la kweli liko juu zaidi, karibu na tumbo, mahali paja liishapo. Weka mkono hapo mbele nawe utagusa mfupa mdogo utelezao chini ya ngozi: hiyo ndiyo pia ya goti, sawa na ile ya mwanadamu.

Katika goti hili Mungu ameweka komeo. Kutoka pia ya goti zashuka kano 3 mpaka mfupa wa chini. Ukano wa ndani pamoja na ule wa katikati hufanya mfano wa kitanzi, na mwisho wa mfupa wa paja una nundu. Mnyama akitaka kupumzika akiwa amesimama, huinua pia ya goti na kukitia kitanzi kile juu ya nundu. Mguu hujifunga, naye husinzia bila kuchoka. Akitaka kwenda, misuli ya paja huivuta pia ya goti, komeo likafunguka.

Misuli ikiwa dhaifu, komeo hukawia kufunguka. Hapo ndipo huanza kasoro tunayoisema. Pengine mguu hujifunga kabisa, ukabaki umenyooka nyuma kama mti, na ncha ya ukwato yaburuta chini. Hayo kila mtu huyaona. Lakini mara nyingi zaidi hukawia kidogo tu, kufumba na kufumbua, kisha mguu huruka mbele kwa mshtuko. Aliye juu ya mgongo husikia kama kwamba punda amejikwaa nyuma.

JINSI YA KUMTAZAMA

Usimtazame punda akiwa amekwisha fanya kazi. Mtazame asubuhi, anapotoka mahali aliposimama usiku kucha, maana hatua 10 za kwanza zaeleza mengi kuliko safari nzima. Fanya hivi kwa utaratibu:

1. Msimamishe mahali sawa, kwato zote 4 zikiwa zimekanyaga. Simama nyuma yake, mbali kiasi cha hatua 5, ulinganishe matako yake. Upande wenye nyama kidogo ndio ambao hautumii sana.

2. Bandika vipande viwili vidogo vya karatasi nyeupe, kimoja katika kila ncha ya nyonga. Mtu mmoja amwongoze kwa kamba iliyolegea, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mwendo wa telki. Wewe tazama karatasi zile. Kwa mnyama mzima hupanda na kushuka sawasawa. Kwa mgonjwa, ile ya upande wenye kasoro hupanda na kushuka zaidi ya mwenziwe.

3. Mpeleke pwani wakati maji yamekupwa, umpitishe juu ya mchanga ulio mbichi na laini. Kisha zisome nyayo. Pima kwa fimbo urefu wa hatua ya kila mguu. Mguu wenye kasoro huacha hatua fupi, na mbele ya unyayo utaona mfuo, yaani alama ya ukwato ulioburutwa. Mchanga hausemi uongo, wala hauna upendeleo kama macho ya mwenye mali.

4. Mpitishe juu ya barabara ngumu, usikilize. Milio 4 iliyo sawa ni dalili njema. Mlio mmoja ukikwaruza, ujue ni ncha ya ukwato.

5. Mzungushe katika duara ndogo, kwanza kuume, kisha kushoto. Mrudishe nyuma hatua chache. Kisha mshushe mteremko mdogo, mfano wa zile njia zishukazo baharini upande wa Ras Kasone.

6. Inua mguu, utazame ukwato. Ncha ikiwa imelika mviringo kuliko ya mguu wa pili, kasoro si ya leo. Imekuwako wiki nyingi.

UKWATO KWANZA

Kabla ya kufikiri habari za goti, shurti uusafishe ukwato na kuuchunguza. Katika punda wachechemeao, wengi sana shida yao iko chini ya ukwato. Asili ya punda ni nchi kavu, na ukwato wake hunywa maji kuliko wa farasi. Katika masika, yaani tangu Machi hata Mei, punda wa Makorora husimama katika tope na mkojo wake mwenyewe. Ukwato hulainika, vijiwe na vumbi la matumbawe huingia, usaha ukafanyika ndani.

Dalili za usaha ni hizi: kuchechemea kumeanza ghafula, ukwato una joto kuliko zile nyingine, mshipa ulio kando ya kifundo cha chini wapiga kwa nguvu ukiuwekea kidole, tena huumia zaidi juu ya mawe kuliko juu ya mchanga. Mpumzishe mahali pakavu. Loweka ukwato katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, robo saa, mara mbili kwa siku, kisha ufunge kwa kitambaa safi. Kutoboa ni kazi ya mganga wa mifugo au fundi aliyefunzwa, si ya kisu cha jikoni.

Umwombe mganga huyo pia amdunge sindano ya kuzuia pepopunda. Wahenga hawakuliita gonjwa hilo kwa jina la punda bure. Yeye na farasi hushikwa nalo upesi kuliko wanyama wengine wa nyumbani, na tundu dogo la msumari latosha. Punda akikakamaa mwili mzima, mkia umeinuka, taya hazifunguki, na ngozi ya ndani ya jicho yajitokeza, mwite mganga saa ile ile.

KUTOFAUTISHA GOTI NA KISIGINO

Ukwato ukionekana mzima, yabaki mambo mawili yafananayo, nayo yafaa yatengwe.

La kwanza ni ugonjwa wa kisigino. Huwapata hasa wanyama wazee na waliobebeshwa mizigo mizito miaka mingi. Mifupa midogo ya kiungo hukwaruzana na kuvimba. Punda huyu huwa mkavu asubuhi, akapata nafuu akitembea, kisha jioni baada ya kazi ngumu huumwa tena. Ili kumjaribu, inua mguu wake ukunjike, ushike hivyo kwa dakika 1, uachie, na mwenzio ampeleke telki mara moja. Hatua za mwanzo zikiwa mbaya kuliko kwanza, kiungo kina maumivu. Lakini ujue ya kwamba kuukunja mguu hukunja kisigino na goti pamoja. Kwa hiyo jaribio hili lasema kwamba iko shida, wala halisemi peke yake iko wapi. Mjaribu mguu wa pili pia, upate kulinganisha.

La pili ni komeo la goti tulilolieleza. Huwapata mara nyingi wanyama vijana, au waliokonda, au wenye miguu ya nyuma iliyonyooka mno, au waliofungwa siku nyingi bila kazi. Dalili zake ni mshtuko wa mguu katika hatua za kwanza, katika kugeuka, katika kushuka mteremko, na katika kupunguza mwendo. Hakuna joto katika ukwato, wala uvimbe. Tena pengine utasikia mlio mdogo, kama kidole kilichovunjwa.

Tofauti hii si maneno ya chuoni tu, maana dawa zake zapingana. Mwenye usaha katika ukwato ahitaji kupumzika. Mwenye komeo zito ahitaji kazi, na kumfunga kwamzidishia ugonjwa, kwa sababu misuli ya paja hulegea zaidi kila siku anaposimama.

Tuseme mtu ana punda wa miaka 4, aliyekonda katika kiangazi. Amwona aburuta mguu asubuhi. Kwa huruma amfunga chini ya mwembe wiki 3. Akimfungua amwona yu mbaya kuliko mwanzo. Basi amfunga tena wiki 3. Mwisho aambiwa na jirani amchome goti kwa chuma cha moto, naye afanya hivyo. Sasa punda ana kidonda, ana maumivu ya kweli, na paja limekwisha nyama kabisa. Hapo huja mnunuzi wa ngozi. Katika habari hii yote mtu yule hakukosa huruma hata mara moja. Alikosa kuutambua ugonjwa tu.

DALILI ZISIZO ZA MGUU

Angalia sana neno hili. Punda akiyumba miguu yote miwili ya nyuma kama mlevi, au aburuta kwato zote mbili, usidhani ni goti. Yawezekana ni nagana, hasa kama amepita katika mapori ya Pangani na Saadani, naye akonda ingawa ala vizuri, na ufizi wake umekuwa mweupe. Ugonjwa huo hupimwa kwa damu. Usimdunge dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Ziko dawa za nagana zimfaazo ng'ombe na kumdhuru punda.

Yawezekana pia ni kichaa cha mbwa. Kama aliumwa na mbwa majuma au miezi iliyopita, na sasa ayumba, adondoka mate, au ajiuma mwenyewe, usitie mkono kinywani mwake wala watoto wasimkaribie. Toa habari kwa mganga wa mifugo siku hiyo hiyo. Mtu aliyepatwa na mate yake mahali penye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, kisha aende hospitali bila kungoja.

MATUNZO YA KOMEO LA GOTI

Ukiisha hakikisha, nawe umepata shauri la mganga wa mifugo, fuata mpango huu.

Mguu ukijifunga. Usimpige, wala usimvute mbele kwa nguvu. Simama karibu na bega lake, umsukume kifua polepole arudi nyuma hatua moja au mbili. Mara nyingi komeo hufunguka. Usisimame nyuma yake hata kidogo. Ikiwa halifunguki, mwache palipo salama umwite mganga.

Mahali pa kukaa. Usimfunge kamba fupi. Ua mdogo uliozungushiwa miti, apate kutembea usiku kucha, wafaa kuliko kamba iliyo bora.

Kazi. Wiki 2 za kwanza mwongoze kwa kamba bila mzigo wala mpandaji, robo saa asubuhi na robo saa jioni, katika njia iliyonyoka. Usimzungushe katika duara ndogo. Wiki ya 3 na ya 4 ongeza mpaka nusu saa, umpandishe mteremko mdogo, kwa kuwa kupanda mlima hujenga paja. Makorora ni mahali tambarare. Basi laza chini miti 4 au 5, minene kama mkono wa mtu, umbali wa hatua moja ya punda baina ya mti na mti, umpitishe juu yake polepole mara chache. Kila akiinua mguu, misuli ya goti hufanya kazi. Tangu wiki ya 5 waweza kumpandisha mtoto au kumtwisha mzigo mwepesi. Ongeza taratibu mpaka wiki ya 8. Akichechemea zaidi siku yo yote, rudi nyuma wiki moja.

Chakula. Punda aliyekonda hana nyama ya kuvuta komeo. Mpe majani makavu ya kutosha mchana na usiku, maji safi, na chumvi ya kulamba. Waweza kuongeza pumba na mashudu ya nazi kidogo kidogo, lakini kwa siku nyingi, si kwa ndoo moja; chakula kizito cha ghafula humletea punda ugonjwa wa tumbo na wa kwato. Kama ala na hanenepi, meno yake yatazamwe na apewe dawa ya minyoo.

Kwato. Zikatwe kila baada ya wiki 6 hata 10. Fundi asiache ncha ndefu, wala upande mmoja kuwa juu kuliko wa pili, maana ukwato uliokwenda upande huvuta kano zote za mguu.

Mzigo. Punda wa nchi hii kwa kawaida ana uzito wa kilo 110 hata 150. Kilo 50 mgongoni mwake zatosha. Mtu mzima mnene juu ya punda mdogo ni mzigo kupita kiasi. Tena wako wapandao kwa kukaa nyuma kabisa, juu ya kiuno. Hapo hapana mbavu za kuushika uzito, na miguu ya nyuma ndiyo ilipayo deni. Keti mbele zaidi, nyuma kidogo ya mabega, juu ya tandiko lenye kitambaa kinene. Shogi nazo zijazwe sawasawa pande zote mbili.

Wanyama wengi vijana hupona hivyo, wakikua na kunenepa. Zikipita miezi 2 au 3 bila nafuu, mganga wa mifugo aweza kushauri kuukata au kuupasua ukano wa ndani. Jambo hilo ni la mwisho, kwa kuwa baadhi ya wanyama waliokatwa hupata baadaye madhara katika pia ya goti. Kamwe usimruhusu mtu asiye na elimu hiyo afanye kazi hii kwa wembe. Na dume mwenye kasoro hii pamoja na miguu iliyonyooka mno usimtumie kwa mbegu, maana umbo hurithiwa.

UNAPOKWENDA KUNUNUA

Mwuzaji mjanja hutembeza punda wake kabla hujafika. Wewe enda alfajiri bila kutoa habari, uombe kuziona hatua zake za kwanza. Mrudishe nyuma, mgeuze pande zote mbili, inua kwato zote 4 na kulinganisha ncha zake. Mwuzaji akikataa jambo moja katika haya, amekwisha kukujibu.

MSAADA ULIO KARIBU

Mwenye punda wa Tanga hayuko mbali na elimu. Uko mjini Chuo cha Mifugo cha Buhuri, wafundishwapo vijana kazi ya mifugo. Iko na taasisi ya utafiti wa mifugo. Kila kata yapaswa kumjua afisa mifugo wake. Umpelekee habari zilizo kamili: punda ana umri gani, alianza kuchechemea lini, mguu upi, je, huzidi asubuhi au jioni, juu ya mawe au mteremkoni, na alifanya kazi gani mwezi uliopita. Mwenye kuleta habari hizo amempunguzia mganga nusu ya kazi, na mnyama wake nusu ya maumivu.

Kumbuka pia ya kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Lakini sheria haiko uani mwako alfajiri; wewe ndiwe uliyeko.

KWA UFUPI

1. Tazama hatua za kwanza za asubuhi.
2. Ukwato uchunguzwe kabla ya goti.
3. Mwenye usaha apumzike. Mwenye komeo zito afanye kazi nyepesi, asifungwe.
4. Usichome kwa chuma cha moto, wala usipige.
5. Akiyumba miguu yote miwili, mwite mganga siku ile ile.
6. Asipandwe kabla ya miaka 3, wala asitwishwe zaidi ya kilo 50.

Watu husema, punda afe, mzigo ufike. Bali katika nyumba ya mtu mwenye punda mmoja, akifa huyo, mzigo wa kesho hautafika.